Marehemu Mtarajiwa

Idara ya Mirathi ilitangaza, kwa furaha kubwa na kwa vipaza sauti vya kukodi, kwamba kuanzia siku ile hakuna mwananchi atakayelazimika kusubiri kufa ndipo mali yake igawanywe.

Hotuba aliisoma Mkurugenzi mwenyewe, ndani ya suti ya bluu aliyoishonesha kwa ajili ya sheria hiyo. Alieleza kwamba wataalamu walichunguza kwa nini kesi za mirathi huchukua miaka nenda rudi, wakabaini kwamba tatizo ni marehemu. Marehemu haitikii wito. Ukimuuliza kiwanja ni cha nani, kimya. Ukimwomba athibitishe idadi ya wake zake, kimya vilevile. Hivyo basi, chini ya Sheria ya Mirathi ya Mapema, familia iliruhusiwa kufungua mirathi ya mtu yeyote "aliyeonyesha dalili za kuweza kufariki siku moja". Mtu huyo angeitwa marehemu mtarajiwa.

Watu walipiga makofi. Wazee waliokaa viti vya mbele walipiga kwa uangalifu, wakijizuia wasikohoe.

Kazi ikaanza kwa kasi. Mafaili ya watu waliokufa kweli yaliondolewa mezani kwa sababu yalikuwa yanachelewesha mambo. Mkurugenzi alisaini mirathi akinywa chai, akiongea na simu, wakati mwingine akimtazama mtu mwingine kabisa. Hakusoma. Aliamini kwamba kusoma ndiko kulikoidumaza idara hiyo.

Asubuhi moja aliingia fundi cherehani, futi ya kitambaa ikining'inia shingoni.

"Mheshimiwa, wanangu wamegawana nyumba yangu."

"Hongera sana, mzee wangu. Waligombana?"

"Hawakugombana."

"Unaona! Baba yangu mdogo alipofariki, ukoo mzima tuliacha kusalimiana mpaka leo."

"Lakini mimi ni mzima."

"Na idara inakushukuru kwa hilo. Ushirikiano wako umekuwa wa kupigiwa mfano."

"Sasa nalala wapi?"

Mkurugenzi alifikiri kwa dhati, maana hakuwa mtu mbaya. "Swali hilo halimo kwenye sheria. Kwa kawaida marehemu huwa na pa kulala."

"Basi nataka kukata rufaa."

"Rufaa ni haki ya warithi. Waombe wakukatie."

Fundi alisimama akiitazama ile suti. "Koti linakuvuta begani," akasema taratibu. "Ningekurekebishia, ila cherehani si yangu tena." Akatoka bila kufunga mlango.

Mkurugenzi alijinyoosha bega. Kweli, koti lilikuwa linavuta. Jambo hilo lilimkera kidogo, mpaka ukafika mchana akaenda nyumbani kula.

Getini alikuta mkokoteni. Juu ya mkokoteni kulikuwa na kitanda, na kitanda kilikuwa chake. Sebuleni, mwanawe wa kwanza alikuwa amepanda stuli akipima ukuta. Mkewe alikaa kwenye kochi, uso wa majonzi, ufunguo wa gari mkononi.

"Pole na msiba, baba watoto," akamwambia.

"Msiba wa nani?"

"Wako."

"Mimi? Nina nini mimi?"

"Juzi ulikohoa."

"Nilipaliwa na chai!"

"Kifungu cha dalili hakiulizi ulikohoa kwa sababu gani," alisema mwanawe kutoka juu ya stuli. "Tuliogopa kaka zako wasije wakatuwahi, baba. Tunakupenda."

"Na nani kasaini upuuzi huu?"

Mke na mwana walitazamana kwa huruma.

"Wewe," alisema mke. "Nilikuletea mwenyewe ofisini. Ulikuwa kwenye simu, ukaniambia niharakishe, wapo wananchi wanasubiri."

Alirudi ofisini kwa miguu, maana gari lilikuwa limeshapata mwenyewe. Jasho likimtiririka, akasukuma mlango wake. Nyuma ya meza alikaa Naibu wake, ameshauinua mgongo wa kiti ulingane na kimo chake.

"Pole kwa safari, mzee," alisema Naibu. Asubuhi ile ile alikuwa bado anamwita Mheshimiwa. "Tumesimama kimya kukukumbuka. Wengi walilia. Wengine walikuwa na mafua."

"Nyanyuka hapo! Nafuta sheria. Niletee karatasi, nasaini sasa hivi."

"Marehemu mtarajiwa hana sahihi. Uliandika mwenyewe. Ni kifungu kizuri mno, kinaziba mianya yote."

"Wewe si ulisema sheria hii ina kasoro?"

"Nilisema. Ukaniambia niache uchuro." Naibu alibonyeza kengele. "Twende ukumbini, familia yako imefika. Kuna kipengele kimoja hakijakamilika."

Ukumbini karani alisoma mgao kwa sauti ya kutangaza matokeo ya mtihani: nyumba kwa mke, gari kwa mke, shamba kwa mwana wa kwanza, friji na suti kwa binti, ambaye mumewe ana kimo kama cha baba. Kisha akanyanyua macho.

"Amebaki mzee mwenyewe. Nani anamchukua?"

Mwana wa kwanza alianza kutafuta kitu kwenye simu. Binti alisema angependa sana, ila chumba cha wageni kina friji. Mke alitazama dari. Mkurugenzi aliwatazama mmoja mmoja, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe akajua mtu hujisikiaje akiwa upande wa mwananchi anayesubiri.

"Mali isiyo na mdai inarudi serikalini," alisema Naibu, na hakuwa akitania.

Karani akagonga muhuri. Wahudumu wawili wakamshika Mkurugenzi mikono kwa heshima, wakamwelekeza kwenye korido. Alikwenda bila ubishi, ila kwenye kona aligeuka.

"Jamani, na siku nikifa kweli?"

Karani alishtuka, akalifunika faili kwa kiganja.

"Tafadhali, mzee, usije ukatufanyia hivyo. Lako limeshafungwa."