Mulwa Anaitaka Filimbi Yangu

Jumatatu, 4 Machi 2024

Mulwa ameiangalia filimbi yangu tena. Mara tatu leo. Nimehesabu.

Yeye ni wa mwaka wa kwanza, ana wiki sita tu kwenye kundi, na tayari akitingisha mabega wasichana wa sauti ya kwanza wanasahau kuimba. Mimi nina miaka mitatu ndani ya Sauti za Nyikani. Hakuna kundi lingine la Injili hapa chuoni Kitui linaloimba nyimbo za Kongo, za Uganda na za Afrika Kusini siku moja, halafu likamaliza na ngoma ya kwetu Ukambani, ile ya mabega. Na kwenye ngoma, mwenye filimbi ndiye mwenye kundi. Nikipuliza mara moja, wanasonga mbele. Mara mbili, wanageuka kulia. Mara tatu, wanachuchumaa. Watu thelathini! Hata mhadhiri hasikizwi hivyo.

Jumapili tuna misheni mjini Wote, kanisa la nyumbani kabisa. Mama ameshawaambia akina mama wote wa ushirika kwamba kijana wake Kimeu ndiye kiongozi. Amenunua kitambaa kipya cha kichwa. Sasa hebu fikiria Mama ameketi mbele na kitambaa chake, halafu mwenye filimbi awe mtoto wa mtu mwingine. Nitajificha wapi?

Jumanne, 5 Machi

Nimemshika! Nyuma ya ukumbi, kabla ya mazoezi. Mulwa peke yake, amegeukia ukuta, ameweka kitu kidogo mdomoni, kifua kimejaa. Aliponiona akakitia mfukoni haraka na kuniuliza habari ya mchana.

Anajifunza kupuliza. Kwa siri. Tena sikusikia sauti yoyote, kumaanisha ameshajua kupuliza polepole. Hiyo ni hatua ya mbali sana.

Jumatano, 6 Machi

Sasa mambo ni makubwa. Nzilani yumo.

Nzilani ni mwenyekiti wetu, mwaka wa nne, anasomea uuguzi. Leo amemvuta Mulwa kando, na nilipopita karibu nikifunga kamba ya kiatu (viatu vyangu havina kamba, lakini nani aliangalia?) nikamsikia akimwambia asiogope, akitumie tu kila mara kabla ya kucheza. Akitumie! Kabla ya kucheza!

Nilimuuliza Nzilani kwa upole walikuwa wanapanga nini. Akasema hayo ni mambo ya mtu binafsi. Haya. Mambo ya mtu binafsi yananing'inia shingoni mwangu.

Nikamtuma Yvonne wa sauti ya kwanza amchunguze. Yvonne amerudi na ripoti kwamba Mulwa ni mtu mzuri sana. Kazi bure.

Alhamisi, 7 Machi

Mungu ni mwema. Mulwa alikuwa maabara mchana mzima, hakuja mazoezi.

Nimebadilisha ishara zote. Kuanzia leo mara mbili ni kuchuchumaa, mara tatu ni kugeuka. Nimewaambia ni ubunifu, tusizoeleke. Tumerudia mpaka jasho. Jumapili nitapuliza mara mbili, watu wote watashuka chini, na kijana wetu atageuka kulia peke yake aonwe na Wote nzima. Baada ya hapo nani atampa filimbi?

Jumamosi, 9 Machi

Tumefika Wote. Kama kawaida ya misheni, mchungaji alisimama na karatasi akagawa wageni kwa wenyeji, wawili hapa, watatu pale. Kwa Mama: Mulwa. Kati ya watu thelathini na mmoja! Nani aliandika hiyo karatasi?

Mama amempakulia muthokoi, mahindi yetu na maharagwe, bakuli kubwa, lile la baba. Amekula, akaomba kuongezwa. Akatoa vyombo. Akaosha! Mama anasema kijana huyu amelelewa, huku akiniangalia mimi. Mulwa akaniuliza kama Alhamisi kulikuwa na kitu kipya. Nikasema tuliomba. Na kweli tulifungua kwa maombi.

Jumapili, 10 Machi

Sijui nianzie wapi.

Kanisa limejaa, watu wako mpaka madirishani. Nyimbo za Kongo zimeenda vizuri. Ngoma ikaanza. Mama yuko mstari wa mbele, kitambaa juu. Nikampata Mulwa kwa pembe ya jicho. Nikapuliza mara mbili.

Watu ishirini na tisa wakachuchumaa. Mulwa akageuka kulia. Na mimi pia nikageuka kulia! Miaka mitatu, jamani! Filimbi ikasema hivi, miguu ikakumbuka vile. Tukabaki wawili wima mbele ya kanisa, kama watu walioshuka kituo kisicho chao.

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini Mulwa akanitazama, akacheka, akaanza kunitingishia mabega. Nikamjibu, ningefanya nini? Akashuka, nikashuka. Wale wa chini wakaanza kupiga makofi. Kanisa likalipuka! Mama akapiga vigelegele mpaka kitambaa kikaanguka. Mchungaji akaomba turudie.

Tukarudia mara mbili. Nimefurahi, sitadanganya. Lakini usingizi umekataa. Kwa nini aliniokoa? Anataka nini huyu?

Jumatatu, 11 Machi

Nimembana Nzilani. Nikamwambia najua kila kitu, najua kuhusu filimbi ya siri. Akasema Mulwa ana pumu. Kile kitu ni dawa ya kuvuta. Yeye hata baluni hawezi kupuliza, sembuse filimbi, na alikuwa anaona haya, hakutaka watu wajue.

Pumu. Sawa. Ndivyo mtu angesema kama angekuwa anaitaka filimbi.

Jumanne, 12 Machi

Mkutano wa kuchagua viongozi. Nilifika mapema nikakaa karibu na mlango.

Wakafika kwa mwenye filimbi. Nani akasimama? Mulwa! Akapendekeza mimi niendelee. Akasema Jumapili yeye ndiye aliyekosea kwa kukosa mazoezi, na mimi, kiongozi wake, nikageuka naye makusudi asiaibike peke yake. Akasema hajawahi kutendewa hivyo. Watu wakapiga makofi, wengine wakafuta macho.

Nikajiuliza, kuna mtu mwenye akili anayeweza kuamini hayo? Hakuna. Basi ni mtego.

Na mimi najua taratibu. Kwetu kanisani mtu akitajwa hakubali papo hapo. Anasema hastahili. Wanamsihi. Anasema apewe muda. Wanamsihi tena. Mara ya tatu ndiyo anainuka, ameinamisha kichwa. Hapo ndipo unawajua wanaokutaka kweli na wanaokutega. Kwa hivyo nikasimama nikasema sistahili, nimechoka, wampe mwingine.

Nzilani akaangalia saa. Alikuwa na zamu wodini. Akasema tuheshimu uamuzi wa ndugu yetu. Akauliza nani mwingine. Mtu akamtaja Yvonne. Yvonne akasema amekubali. Papo hapo! Bila haya! Maombi ya kufunga, amina, filimbi ikatolewa shingoni mwangu kwa makofi.

Ilichukua dakika mbili. Roho inaniuma.

Jumatano, 13 Machi

Niliwaambia. Tangu Jumatatu ya kwanza niliandika humu kwamba kuna njama, na sasa filimbi iko wapi? Walipanga wakafaulu.

Mama amepiga simu. Nimemwambia nimepandishwa cheo, sasa mimi ni mshauri. Akauliza mshauri anakaa mstari gani. Nikasema mtandao unakatika.

Jioni Mulwa amekuja chumbani na ndizi. Amesema anajilaumu, alidhani nimechoka kweli, angejua angenisihi. Akaomba tuombe pamoja. Nimeomba jicho moja likiwa wazi.

Akiondoka, akasema Yvonne anaanza mafunzo ya kazi wiki ijayo, hataweza filimbi muhula mzima, na kundi lote limekubaliana nirudishiwe mimi. Kundi lote! Bila hata mmoja kupinga!

Wanadhani nimezaliwa jana. Nimekataa.