Kasia, Mchi na Mbuzi wa Mahari

Jumatatu, 7 Julai 2003, Butembo
Nimesema uongo tena. Mdogo tu! Parokia yetu imealikwa kwenye mashindano ya mitumbwi ziwani, tarehe ishirini, maana risasi zimenyamaza na barabara imefunguka. Mzee Kasonia, zamani mvuvi, akauliza kwaya nzima nani anajua kupiga kasia. Mkono wangu ukainuka wenyewe. Nikasema nimekulia majini. Ukweli: ziwa nimeliona mara moja, nikiwa juu ya lori, kule Kanyabayonga. Akanipa kasia lake nilishike. Zito!

Syauswa, fundi magari, naye akainua mkono. Sote wawili tunamtaka Anne-Marie, binti ya mzee. Mzee alitamka wazi: mbuzi wa mahari atapokea wa yule atakayevuta kasia vizuri zaidi. Kuogelea sijui. Nguvu zitatosha.

Jumanne, 8 Julai
Syauswa anavuta gurudumu la lori kwa kamba, kupanda kilima, bila shati. Wasichana wanapiga makofi. Ovyo! Mimi natumia akili. Kasia linataka mgongo, mabega na mapaja. Nini kinafundisha vyote? Kinu! Lakini mwanaume kutwanga sombe, majani ya muhogo, hapa kwetu, atachekwa hadi kaburini. Nimemwambia jirani yangu, Mama Jokébed, kwamba ni nadhiri, na ni siri. Nimetwanga nyuma ya nyumba yake mapigo mia mbili, nikichuchumaa na kuinuka kila pigo.

Alhamisi, 10 Julai
Mama Jokébed hakumwambia mtu. Dada zake tu. Saba! Kila mmoja na sombe yake. Nikatwanga yote, nadhiri ni nadhiri. Mwishoni nikainama kuokota jani, sikuinuka tena. Nimerudishwa nyumbani juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, kifudifudi, kati ya kabichi. Syauswa alinipungia mkono. Mshenzi.

Jumatatu, 14 Julai
Askari wameweka tena kizuizi barabara ya ziwani. Mashindano yamefutwa! Kwaya ilisikitika. Mimi pia, usoni. Moyoni nilimshukuru Mungu, kisha nikamwomba msamaha, maana hakuna mwenye akili anayefurahia kizuizi. Lakini sitazama!

Nikaenda kutwanga kwa raha, maana akina dada bado wanangoja. Ndipo Mzee Kasonia akatokea kwenye kona ya nyumba. Mimi na mchi mkononi, kitenge kiunoni. Akatazama, akaondoka. Kwisha mimi.

Jumanne, 15 Julai
Mzee kaniita. Nilikwenda.

“Paulin, weye hapana mutu ya maji,” alisema. “Kasia ulishika sawa ufagio. Mi nilijua toka siku ya kwanza.”

Kisha akasema Syauswa ana nguvu, lakini gurudumu haliliwi. Kila tulipokimbia vita, marehemu mkewe alibeba kinu kichwani, na yeye mzee alitembea mikono mitupu. Mpaka leo anaona haya. Mbuzi nilete Jumamosi.

Nililia mbele yake. Sijawahi kupumua vizuri hivi.

Jumapili, 20 Julai
Mbuzi wamepokelewa wote jana! Anne-Marie amenicheka mpaka akashika mbavu. Nimemwapia kwamba sitadanganya tena maishani.

Baadaye mjomba wake, mfugaji wa Lubero, akauliza kama ng'ombe nawajua. Mdomo wangu ukajibu kwamba nimekulia zizini. Ananingoja Alhamisi, nikakamue ng'ombe kumi.

Kesho naanza mazoezi ya vidole. Mama Jokébed ana mablanketi ya kufua na kukamua. Nimemwambia ni nadhiri.