Kamba ya Dhahabu

Ninayo furaha kuutangazia umma kwamba Turkana sasa ina Vijana wa Majini, skauti wetu wa uokoaji, na Vijana wa Majini wana beji. Mashua itafuata. Mambo ya serikali huenda kwa utaratibu.

Mimi, Kiplagat, Mkurugenzi wa Nembo hapa Lodwar, ndimi niliyeongoza kamati ya beji. Tulijifungia hotelini Eliye Springs hadi kila alama ikapata maana. Nanga ni uthabiti. Ngamia aliyekalia nanga ni uvumilivu. Samaki anatabasamu kwa sababu wakubwa wanapenda matumaini. Na kamba ya dhahabu iliyoizunguka nanga ni umoja. Hiyo kamba tuliibishania mpaka chai ikapoa.

Beji nilizipeleka Kakuma mwenyewe. Vijana walikuwa wamejipanga kando ya laga, ule mto wa mchanga ambao hukauka kabisa hadi mvua inyeshe milimani. Kiongozi wao, msichana anayeitwa Nyakuoth, akainua mkono, akanisalimu kwa Kiturkana.

"Ejok, mkubwa. Beji iko poa. Lakini sisi tuliomba kamba."

"Kamba si hiyo hapo, binti? Tazama vizuri."

"Kamba ya kuvuta watu. Mwaka jana hii laga ilibeba mdogo wangu, akaponea kwa mti. Na sasa mvua imerudi."

Jamani, vijana wa siku hizi! Unawapa maana, wao wanataka vitu. Nikamweleza kwa upole kwamba kamba ya dukani huoza, lakini umoja hauozi. Mwenzake Lokol akacheka, kisha akajifanya anakohoa.

Nikapanda gari la serikali na kumwamuru dereva avuke.

"Bosi, huko juu kumenyesha," akasema.

Nikamkumbusha nani ni mkurugenzi. Katikati ya laga magurudumu yakazama mchangani, na mara maji yakaja yakinguruma, yamebeba miti. Tukajikuta juu ya paa, mimi, dereva na katoni la beji zilizobaki. Niliogopa, sikufichi.

"Kamba!" nikapiga kelele. "Tutupieni kamba!"

Nyakuoth akainamisha kichwa, akaitazama beji yake vizuri, kama nilivyomfundisha.

"Ninayo, mkubwa! Lakini hii ni umoja. Nitupe?"

Kumbe wenzake walikuwa wakifunganisha skafu na shuka zao. Wakazirusha, wakamvuta dereva kwanza.

"Na mimi je?" nikalia.

"Wewe shikilia nanga, mkubwa. Tunakuja."