Nafasi ya Saa Nne Kamili

Jumatatu, 9 Oktoba

Muuguzi amesema Baba ana wiki mbili, pengine tatu. Mapafu yamechoka. Baba hakushtuka. Ameomba kitu kimoja: aione tena ile miti mikubwa myekundu, pale alipomposa Mama. Dada Noreen akafungua daftari papo hapo. Nikamuwahi. Nikasema safari hii ni yangu. Noreen ndiye aliyepanga mazishi ya Mama, na mpaka leo watu wanasifia zile sandwichi.

Jumanne, 10 Oktoba

Huwezi kwenda tu kule msituni kama zamani. Lazima ushike nafasi ya kuegesha gari mapema, kwenye tovuti ya hifadhi. Wiki nzima imejaa! Lakini najua mbinu: watu hughairi asubuhi. Nimeganda kwenye simu tangu kifungua kinywa, na nimeipata. Alhamisi, saa nne kamili. Nikampigia Noreen kumringia. Badala ya kunipongeza akaniambia niichapishe, eti kule bondeni kwenye miti simu hazishiki mtandao. Wivu mtupu. Tena printa ni yake, na mimi siombi.

Jumatano, 11 Oktoba

Noreen kaleta mtungi wa oksijeni wa akiba, blanketi na chupa ya supu. Kauliza karatasi iko wapi. Nikamwambia iko mahali salama. Basi hata namba ya nafasi iandike mkononi, akasema. Mimi si mtoto.

Baba kanyoa ndevu mwenyewe. Imemchukua nusu saa. Sijamwona na furaha hivi tangu Mama afe.

Alhamisi, 12 Oktoba

Simu haikushika.

Askari wa hifadhi, binti mpole, aliomba kuona nafasi yetu. Nikamwonyesha kioo cha simu, cheupe kitupu. Akanishauri nipande tena mlimani, mtandao uko huko. Nikapanda, nikaupata, nikageuza. Foleni! Tulifika getini saa tano na robo. Akamtazama Baba, akasema saa yetu imeshapita; angetupenyeza kwa moyo wote, lakini hakuna hata pa kugeuzia baiskeli.

Baba akashusha kioo cha gari. Akavuta hewa mpaka akakohoa. "Harufu ni ileile, mwanangu," akasema. "Inatosha. Twende nyumbani, mtungi wa pili huu."

Hakunilaumu hata kidogo. Afadhali angenitukana. Nimelia njia nzima, nikisingizia vumbi. Noreen kafungua mlango, katutazama, kaenda kupasha supu moto.

Jumatatu, 23 Oktoba

Baba alifariki Ijumaa, amelala, Noreen kamshika mkono. Mimi nilikuwa nimetoka kununua barafu.

Noreen ameomba kibali cha kunyunyiza majivu yake msituni akishachomwa, na amekipata. Nimemsihi aniachie mimi kibali hicho na nafasi ya gari. Walau hilo nimfanyie Baba. Hakubisha, amechoka. Akanitumia kwenye simu, akauliza tu kwa sauti ndogo kama safari hii nitachapisha.

Nimemwambia asihangaike. Nimenunua simu mpya.