Taa ya Marehemu Isidore Imekataa Kuzimika

Baraka, tarehe 9 Julai

Kwa Fundi Dany,
Duka la Redio na Vyombo vya Muziki,
Uvira

Kuhusu: Taa uliyomuuzia marehemu mume wangu, ambayo inadumu kupita kiasi

Ndugu Fundi,

Ninakuandikia nikiwa mzima wa mwili, nimevaa nyeusi, na nina hasira ambayo nimeipiga pasi kwanza ili ikufikie ikiwa na adabu. Mimi ni Félicité, mjane wa Isidore, yule mrefu aliyetoka dukani kwako na preamplifaya, taa yake moja, na karatasi yenye mhuri wako. Ninauza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, kwenye soko la Baraka. Katika maisha yangu sijawahi kumlalamikia mtu kwamba bidhaa yake ni nzima mno. Wewe ni wa kwanza.

Kwa ajili ya Mchungaji wetu, ambaye atapata nakala na ambaye mambo haya hayajui, naomba nieleze. Preamplifaya ni kile kisanduku kinachopokea muziki mwembamba kutoka kwenye santuri na kuunenepesha kabla ya kuupeleka kwenye amplifaya kubwa. Ndani yake mna taa ya kioo, ndogo kama kidole gumba. Ikipata joto inang'aa wekundu na muziki unatoka. Ikizimika, hakuna muziki. Mchungaji hahitaji kujua zaidi ya hapo.

Sasa tuje kwenye kosa lako. Kwenye ile karatasi uliandika kwa mkono wako mwenyewe: "Taa hii inadumu saa elfu kumi." Isidore alikuwa ameishi ujanani Lubumbashi, kwenye kambi ya wafanyakazi ambako umeme uliwaka usiku na mchana. Aligawanya elfu kumi kwa ishirini na nne, akapata siku mia nne na kumi na sita. Akaona ni muda wa heshima, mwaka mmoja na kidogo, kama kilio chochote cha watu wenye akili. Kwa hiyo alipougua ugonjwa wake wa mwisho aliwaita ndugu zake akasema: "Félicité atavaa nyeusi mpaka taa yangu izimike. Kisha mumuachie rangi zake." Alisema akicheka. Lakini mdogo wake, shemeji yangu Bertin, si mtu wa kucheka mbele ya mgonjwa. Yeye aliandika.

Ndugu Fundi, nyumba yangu inapata umeme kutoka paneli moja na betri moja iliyozeeka. Saa mbili kwa siku. Elfu kumi gawanya kwa mbili ni siku elfu tano, yaani zaidi ya miaka kumi na mitatu na nusu. Isidore alipiga hesabu kwa umeme wa Lubumbashi, nami ninaomboleza kwa umeme wa Baraka. Huu ni mwaka wa sita.

Lawama zangu ni hizi.

1. Binti yangu wa pekee, Clarisse, anaolewa Jumamosi tarehe 22 Agosti, kule Fizi. Kitenge cha wamama wa upande wetu kimeshachaguliwa, cha manjano chenye majani ya kijani. Kipande changu kiko kwa fundi cherehani, kimekatwa lakini hakijashonwa, kwa sababu Bertin amemwambia asubiri taa itoe jibu. Kwa kanuni za familia yao, aliyevaa nyeusi hukaa nyuma na hachezi. Mama wa bwana harusi ameshauliza kwa upole kama kuna msiba mpya ambao hawakuarifiwa. Mimi nataka kucheza kwenye harusi ya mwanangu. Hilo ndilo jambo lenyewe, na yote yanayofuata ni maelezo tu.

2. Kwa sababu ya taa yako, shemeji Bertin yuko kwangu kila Jumamosi. Anakuja na daftari. Anachungulia kwenye matundu ya kisanduku, anagonga kioo mara mbili kwa kalamu ya Bic kama ulivyomfundisha marehemu, anatega sikio kama daktari, anaandika saa za wiki. Kisha ananiambia: "Bado iko inaitika, shemeji. Uvumilie kidogo." Huu "kidogo" sasa una umri wa kuanza shule.

3. Mwaka wa pili taa ilianza kukwaruza. Nilifurahi, nikapika wali, nikaita baraza la familia. Wifi yangu Immaculée, ambaye ni mtu wa huruma, alisema wazi: "Hii imeshakufa, tumuvalishe mama huyu." Bertin akasimama akajibu: "Baba yetu alikohoa miaka kumi. Tulimuzika?" Tulipiga kura, tatu kwa tatu, Mchungaji akabaki katikati akiomba hekima. Wakati anaendelea kuomba, Bertin aliichomoa taa, akaifuta miguu kwa pamba yenye spiriti, akairudisha. Haijakwaruza tena hadi leo. Wali wangu waliula.

4. Usidhani nimekaa tu. Kwanza nilikipeleka kisanduku kizima kwenye saluni ya kinyozi Dieumerci, mwenye jenereta, ili taa iwake saa kumi na moja kwa siku na imalize siku zake haraka. Rumba za Isidore zilikuwa polepole mno kwa kazi ile. Wateja walisinzia kwenye kiti, na mmoja aliamka akiwa na nusu ya masharubu. Siku ya nne Bertin alifika, akafuta saa zote, akisema mtu huombolezwa nyumbani kwake, si kwa kinyozi.

Pili, niliifunga nyuma ya pikipiki, nikaituma Lulimba na kurudi kama kifurushi, bila godoro. Wewe unaijua ile barabara. Pikipiki ilirudi bila taa yake ya mbele, dereva alirudi bila jino moja, na taa yako ilirudi ikiimba vizuri kuliko ilivyoondoka.

Tatu, nilimwacha kuku wangu aitagie juu ya kile kisanduku, nikidhani joto litaizidi nguvu. Badala yake walitoka vifaranga kumi na mmoja, wote wazima. Sasa majirani wanauliza kama unauza nyingine.

5. Nilipanda mpaka Fizi kuomba cheti cha kifo cha taa, nikitumaini serikali itamaliza ubishi. Karani alinisikiliza kwa heshima zote. Aliniuliza jina la marehemu, nikasema ni taa. Aliniuliza mahali alipofia, nikasema bado. Aliniuliza jina la baba. Hapo nilitaja lako, Ndugu Fundi, kwa kuwa ndiwe uliyeileta duniani kwetu. Ukiitwa, usishangae.

6. Lawama hii ni ndogo, lakini kwa kuwa nimeshika kalamu niiandike. Bertin amepitisha kwamba taa inayowaka bila msikilizaji haihesabiwi. Kwa hiyo kila siku saa kumi alasiri, wakati wanunuzi wazuri ndio wanashuka sokoni, mimi nafunga meza ya ndagala, narudi nyumbani, nawasha, nangoja ule wekundu upande, kisha nakaa saa mbili na santuri za mtu aliyekufa. Nimeweka viti viwili, kwa sababu kimoja kinaonekana vibaya. Kuna santuri moja yenye mkwaruzo upande wa pili. Isidore alikuwa akifika pale ananyanyua sindano kwa kidole na kuisogeza, bila kukatisha maneno yake. Siku hizi mkono wangu unanyanyuka wenyewe. Mfanyabiashara hawezi kuishi namna hii.

Kwa sababu hizo zote, ninaomba moja kati ya mambo matatu. Ama unitumie taa mbovu, ya kufa ndani ya wiki mbili, nami nitaibadilisha Bertin akiwa kwenye chai. Najua unazo. Kila kitu kilichowahi kuuzwa mwambao huu hufa kabla ya kufika nyumbani: tochi, miavuli, pasi, viatu vya ndoa yangu mwenyewe. Kwa nini uaminifu uanzie kwangu? Ama uandike barua yenye mhuri kwamba saa moja ya umeme wa Baraka ni sawa na saa tano za kwingine, jambo ambalo mtu yeyote wa hapa atalitilia sahihi. Ama uje mwenyewe, umtazame Bertin usoni, uitangaze imekufa. Nauli ya boti nitalipa, na samaki wa mukeke wa kuchoma utamkuta.

Nisalimie mama wa nyumbani kwako na watoto, na wale vijana wa kubeba maboksi dukani, na yeyote anayenunua kwako leo. Mwambie aulize kwanza itadumu muda gani, kisha aulize tena.

Wako katika subira iliyobaki vijiko viwili,

Félicité, mjane wa Isidore

Nakala: Mchungaji, shemeji Bertin, fundi cherehani.

Nyongeza, chini ya sahihi: Barua hii ilikuwa bado wazi mezani ikisubiri gundi. Leo, saa kumi na dakika ishirini, taa imezimika. Haikukwaruza wala haikulia. Bertin aliitwa, akagonga mara mbili kwa Bic, akangoja, akagonga tena. Kisha alifunga daftari na kuvua kofia. "Imeenda, shemeji," akasema, na sauti yake haikuwa nzuri. Immaculée alipiga vigelegele, akanitazama, akaacha. Kitenge kinashonwa wakati ninaandika haya. Tarehe 22 nitakaa mbele na nitacheza, hilo limekwisha.

Lakini Ndugu Fundi, taa ilipozimika santuri iliendelea kuzunguka. Ilikuwa ile yenye mkwaruzo. Hakuna kilichosikika, na bado mkono wangu ulinyanyuka mahali pale pale.

Daftari la Bertin linasema saa elfu nne mia moja na kumi na mbili. Karatasi yako inasema elfu kumi. Zimebaki saa elfu tano mia nane themanini na nane, za mimi na Isidore, na ziko kwako. Nitumie taa nyingine kwa boti la kwanza, ndani ya pamba, na Bertin asiambiwe. Saa zangu nazidai zote.