Sanduku la Mwanahija

Rafaeli aliuona mchongo siku ile Masunga aliposimamisha pikipiki mbele ya bustani ya jirani na kuuliza kiwanja kile ni cha nani. Mtu mwenye haya angejibu kwamba ni cha Mwanahija, yule mjane wa nyumba ya pili. Rafaeli hakuzaliwa na haya.

"Changu, mzee," alisema. "Huyo mama namwachia tu alime mchicha."

Masunga, mfugaji wa Kasekese aliyechoka kulala gesti kila akija Mpanda mjini, aliona bei ni ya kutupa. Akaleta mtamba mmoja kama kishika nafasi. Alibakiza sharti moja tu: aione hati.

Hapo ndipo Rafaeli alipoanza kuisaka hati ya watu.

"Jirani, kuna uhakiki," alimwambia Mwanahija. "Nipe hati yenu niipige picha, niipeleke ofisini."

"Ofisi gani?"

"Ile ya juu."

Mwanahija akaendelea kuchuma mchicha. Kesho yake Rafaeli alikuja na jipya: uzio wa minyaa umeingia kwake, kwa hiyo ana haki ya kukagua karatasi zote za familia. Haki! Mwanahija alikasirika. Kiwanja kile ndicho pekee alichoachiwa na marehemu, na hapo ndipo binti yake Ummy alipopangiwa kujenga. Lakini sauti hakuipandisha.

"Sawa, baba. Jumamosi ita watu, na balozi wetu wa nyumba kumi, Athuman, awepo. Sanduku nitalitoa nje. Ila utaratibu wa mtaa unaujua. Aliyeita watu mpakani, mambo yakimgeukia, anawalisha."

"Nitamchinja beberu wangu!" alisema Rafaeli, kwa ukarimu wa mtu asiyekusudia kuchinja hata kuku.

Jumamosi watu wakajaa. Sanduku la bati liko uani, Mwanahija amelikalia. Rafaeli alikuwa amemwelekeza Masunga asimame mbali, ajifanye mpita njia, hati ikitoka asogee.

"Mgeni asimame kwangu?" alisema Mwanahija. "Karibu kiti, kaka."

Masunga akajikuta ameketi katikati ya mashahidi.

"Haya," alisema balozi Athuman. "Kabla hatujafungua sanduku la mtu, mlalamikaji atuonyeshe kwake kunaishia wapi."

Rafaeli aliitazama minyaa, akamtazama Masunga. Akisema kwake kunaishia kwenye minyaa, mtamba ameondoka. Akisema kwake kunavuka, majirani wote wale wana macho. Akashikwa na kikohozi, kile kinachowashika waheshimiwa wakiulizwa swali rahisi.

"Mbona unakohoa?" aliuliza mkewe Dorotea, mikono ina unga. "Nyumba ni ya marehemu baba yangu, wewe ulikuja na begi. Kwetu kunaishia kwenye minyaa. Baba aliipanda na mume wa dada Mwanahija, mimi nikiwaletea maji."

"Na hii bustani?" aliuliza Masunga taratibu.

"Ya Mwanahija. Ya nani tena?"

Masunga hakugombana na mtu. Alizunguka nyuma ya nyumba ya Rafaeli, akarudi anamvuta mtamba wake kwa kamba.

"Rafaeli," Dorotea akashangaa, "si ulisema huyo ng'ombe katuma mjomba wako?"

Watu walicheka hadi wengine wakaketi chini, na balozi akatoa kisu, akaanza kukinoa kwenye jiwe.

"Nyie, beberu yuko wapi?"

"Hapana, bwana!" Rafaeli alipiga kelele. "Hati hatujaiona! Lifunguliwe kwanza!"

"Lifunguliwe," alikubali Mwanahija. Akainuka, akafunua kifuniko, wote wakachungulia.

Ndani mlikuwa na sahani, bakuli na miiko ya pilau, vyote vimepangwa vizuri.

"Ummy," alisema, "visuuze hivi, mwanangu. Nyama inakuja."