Kilichotoka Stoo Leo

Mwizi wa kuku hutazama banda. Mwizi wa maneno hutazama watu, na kazi yake kubwa ni kusikiliza. Siku ile Marashi alisikiliza nusu nusu, na hiyo ndiyo iliyomponza.

Alikuwa kwa kinyozi, povu kidevuni, kitambaa shingoni. Watu walimwita Marashi kwa sababu alinukia kabla hajaonekana, na akishaondoka kilichobaki ni harufu yake. Kilichopungua watu walikuja kukigundua baadaye. Alikuwa mtu nadhifu, mpole wa sauti, na ulimi wake ungeweza kumuuzia mwenye kipara kitana, kipara akashukuru na kuuliza kama kuna kingine.

Kinyozi alikuwa na wembe mkononi na dukuduku moyoni.

"Nyumba zetu ni thelathini na sita, safu tatu," alisema. "Safu mbili zimeezekwa. Ya tatu watu wamehamia hivyo hivyo, juu turubai. Mshonaji wetu amejifungua juzi, kichanga kinalala chini ya turubai, na mvua hiyo inanukia."

"Masikini! Mwenye mradi kakimbia?"

"Hakukimbia, pesa zimemwishia. Vifaa alishanunua vyote, vipo stoo. Mabati, nyaya za shaba, koki za maji, masanduku kwa masanduku. Kilichokosekana ni mafundi. Basi tunamalizia wenyewe, yeye na sisi, kidogo kidogo."

Katika maneno yote hayo Marashi alisikia neno moja tu: shaba. Lile "yeye na sisi" lilidondoka pamoja na povu.

Siku ya tatu alitokea pale kwenye nyumba na kofia ngumu nyeupe, miwani ya kusomea isiyo yake, na karatasi kubwa iliyokunjwa kwapani. Ilikuwa kalenda ya mwaka juzi, lakini karatasi ikikunjwa vizuri nani atajua?

Wakazi walikuwa wanachanganya zege. Alisimama juu ya rundo la kifusi, rundo kubwa lililoziba njia ya kati tangu ujenzi uliposimama, akakohoa kikubwa.

"Ndugu wakazi, poleni na kazi. Mimi ndiye mhandisi mpya. Nimetumwa na mwenye mradi mwenyewe. Jana tumekula naye kuku mchana, akaniambia, 'Kijana wangu, nenda kawamalizie wale watu.' Machozi yalimlenga."

Sepeto zikasimama. Watu wote, kama waliovutwa kwa kamba moja, walimgeukia mzee mmoja mwembamba aliyebeba karai la zege kichwani, fulana imetoboka begani. Mzee Karai, ndivyo walivyomwita. Yule mzee alitua karai lake taratibu, akafuta mikono.

"Kuku wa kuchoma au wa mchuzi?" aliuliza.

"Wa kuchoma," alisema Marashi bila kusita. "Wewe mzee, zege hilo litaganda. Beba!"

"Sawa, Mhandisi," alisema Mzee Karai, akabeba.

Mtu mmoja akapatwa na kikohozi, mwingine akajifunika uso kwa upande wa kanga. Kinyozi alisogea, akamtazama mgeni kidevu. "Karibu, Mhandisi. Umenyolewa vizuri. Ni nani aliyekunyoa?"

"Nina kinyozi wangu wa siku zote," alijibu Marashi. Vinyozi huona nyuso hamsini kwa siku, alijisemea, hawezi kukumbuka. Hakujua kwamba kinyozi hakumbuki nyuso. Hukumbuka videvu.

Hapo ndipo alipotoka mama mzee ambaye wote walimwita Bibi. Alikuwa mdogo wa umbo, na ufunguo umening'inia shingoni kwa uzi mweusi.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Umekula?"

Marashi alikuwa amejiandaa kwa maswali ya vyeti, barua na mihuri. Kwa hili hakujiandaa. Alijikuta anasema kweli: hajala. Akapewa sahani kabla hajapewa swali la pili. Kisha Bibi akampeleka stoo.

Mlango ulikuwa na makufuli matatu. Ufunguo mmoja alikuwa nao Bibi, wa pili kinyozi, wa tatu fundi mwashi mstaafu ambaye aliongea mara mbili kwa wiki na wiki ile alishamaliza. Mlango ulipofunguliwa Marashi alimeza mate. Masanduku ya mbao, yamepangwa hadi dari. Alipenyeza kidole kwenye ufa wa moja, akagusa ubaridi wa shaba.

"Sasa, Bibi, mimi nitavitoa hivi vyote leo nivikague..."

"Aa, mwanangu. Hapa tuna sheria moja tu. Zamani tulikuwa tunatoa vitu, vinalala nje, asubuhi havipo. Tukakubaliana: kilichotoka stoo leo kilale mahali pake leo. Ukitoa bati, jua lisizame bati halijapanda juu. Ukitoa koki, jioni iwe inatoa maji ukutani."

"Sheria nzuri mno," alisema Marashi, huku moyo ukimwuma kama jino.

Akapiga hesabu zake. Akianza na shaba, wataifunga siku hiyo hiyo, imekwenda. Basi aanze na mabati, mali isiyobebeka. Awamalizie paa, wamwamini, halafu masanduku yatamfuata yenyewe kama mbuzi. Siku tatu, nne, hazizidi.

"Tunaanza na paa la safu ya tatu!" alitangaza kesho yake.

"Mhandisi kasema!" alishangilia kinyozi. "Mhandisi, panda utuonyeshe."

"Mimi ni wa kuelekeza."

"Ndiyo, utuelekeze ukiwa juu. Chini hatusikii vizuri."

Akapanda. Wapo watu wamezaliwa kukaa juu ya kenchi za paa, na Marashi hakuwa mmoja wao. Alikumbatia mti kama mtoto anayeanza shule, miwani ikaanguka, kofia ikamziba macho. Mwashi mstaafu alipanda kimya, akamwekea nyundo mkononi, akamshika mkono, akaugonga naye msumari wa kwanza, na wa pili. Wa tatu alimwachia. Ulikwenda kombo. Wa kumi ulinyooka, na Marashi, Mungu amsamehe, alifurahi.

Mchana suruali yake ilinasa kwenye ncha ya bati, ikapasuka mahali ambapo mtu mwenye cheo hapasuki. Safu nzima ilicheka hadi zege likasahauliwa. Ni mshonaji tu ambaye hakucheka. Alimtupia kanga ajifunge. "Iteremshe hiyo suruali niishone," alisema. "Mwanangu amelala, sindano ninayo, na wewe uko juu ya nyumba yangu."

"Dada, usijisumbue."

"Nani anajisumbua? Wewe piga misumari."

Siku tatu zikawa sita. Malengelenge yakapasuka, yakawa sugu. Kila mchana Bibi alimwekea sahani yake na kuifunika, hata alipochelewa, na hakuna aliyethubutu kuigusa. Marashi, aliyezoea kula kwa hila, aliona haya kidogo. Akaimeza haya ile pamoja na chakula.

Siku ya saba Bibi alimwita kando. "Mwanangu, paa limebaki kidogo. Tatizo ni maji. Idara ya maji wamegoma kutuunganishia. Mwenye mradi amekwenda huko mara tisa, lakini yule mtu hajui kuomba. Anasema kweli tupu, na kweli tupu ofisini haipewi hata kiti. Wewe nakuona una maneno."

Ilikuwa kama kumwambia samaki aogelee. Marashi alivaa kofia yake nyeupe, akakunjua mabega, akaingia idara ya maji. Kwa dakika kumi na tano alimwambia mkubwa wa pale kwamba yeye ni mhandisi wa ukaguzi, kwamba wageni wazito watapita wiki ijayo kutazama nyumba za mfano, kwamba picha zitapigwa, na kwamba jina la ofisi iliyochelewesha maji litaandikwa kwa herufi kubwa. Mkubwa yule alimletea kiti, kisha soda. Siku iliyofuata mafundi wa idara walikuwa wanachimba mtaro, na Marashi akawasimamia kutwa nzima ili uongo wake usiharibike.

Bomba kuu lilipotema maji ya kwanza, yenye kutu, watoto walilichezea kama mvua. Mshonaji alimwinua kichanga chake amwone Mhandisi.

"Tazama mjomba," alimwambia. "Huyo ndiye mjomba wa paa na maji."

Marashi alitazama pembeni. Inawezekana vumbi lilimwingia jichoni. Palikuwa na vumbi jingi.

Lakini mbwa hasahau mfupa. Jioni ile paa la safu ya tatu lilikamilika, akaona sasa zamu yake imefika. Akawakusanya.

"Ndugu zangu, zimebaki nyaya na koki. Hizi haziwezi kufungwa hivi hivi. Lazima ziende maabara ya vipimo, zipigwe muhuri. Kesho asubuhi naleta lori. Masanduku ishirini, yote kwa pamoja."

Watu wakatazamana. Mzee Karai akainua mkono. "Na sheria yetu, Mhandisi?"

"Mzee, wewe na sheria! Yatarudi kabla jua halijazama. Mwenye mradi mwenyewe ameidhinisha, nimeongea naye leo."

"Hajambo?" aliuliza Mzee Karai.

"Hajambo sana. Amenenepa."

Mzee Karai alijitazama tumbo lake lililoingia ndani, akatikisa kichwa kwa mshangao.

"Basi haya," alisema Bibi. "Lete lori, mwanangu. Tutakupakilia wenyewe, usiumie mgongo."

Lori Marashi alilipata kwa kumpa dereva saa yake ya mkononi, kitu pekee cha thamani alichopata kukinunua kihalali. Alipofika, masanduku ishirini yalikuwa tayari yamepangwa nje, yamepigiliwa misumari. Wakazi walipakia kwa nyimbo. Yalikuwa mazito, watu wanne kwa sanduku, na kila walipoguna Marashi alisikia raha. Shaba, mama yangu! Kwa furaha yake hakugundua kwamba lori siku hiyo lilipita njia ya kati bila kuzunguka chochote.

Bibi alimpa kifurushi kilichofungwa kwa kitambaa. "Cha njiani. Ukifika ndipo ufungue."

"Nitarudi kabla ya magharibi, Bibi."

"Masikio yako yausikie mdomo wako," alisema Bibi, akampangusa vumbi begani.

Lori lilikwenda hadi upande wa pili wa mji, kwa mnunuzi wa vyuma chakavu ambaye hakuwa na desturi ya kuuliza maswali. Mita chache kabla ya geti lake palikuwa na shimo katikati ya barabara, shimo la miaka, na gurudumu la nyuma likazama humo. Mnunuzi akatoka na mtaimbo. "Tuone kwanza," alisema, akabandua kifuniko cha sanduku la kwanza.

Matofali yaliyovunjika. Vipande vya zege. Mchanga.

La pili, kifusi. La tatu, kifusi. Walipofika la tano mnunuzi aliweka mtaimbo begani. "Bwana," alisema, "mimi nimenunua vitu vingi vya ajabu maishani, lakini kifusi kilichopigiliwa misumari kwa adabu namna hii sijapata kuletewa." Akafunga geti.

Marashi alikaa juu ya sanduku, akafungua kifurushi. Ndani mlikuwa na chakula, bado cha moto, suruali yake iliyoshonwa hata usione palipopasuka, na barua.

"Mwanangu, pole. Koki na nyaya zilitoka stoo siku ile ulipokuwa mtaroni na watu wa maji, na zikalala mahali pake siku ile ile. Jioni hii taa zitawaka. Mzee Karai ndiye mwenye mradi. Anakusalimu, na anasema kama kuku yule alikuwepo, yeye hakuonja. Kinyozi anasema kidevu chako kimeanza kuota, ukanyolewe. Siku ya kwanza walitaka kukufukuza, nikawaambia mwongo mwenye mikono miwili ni fundi ambaye hajaambiwa. Kile kifusi tulikosa mtu wa kukibeba miezi minane. Ahsante. Lakini sheria unaijua: kimetoka leo, kilale mahali pake leo. Bibi."

Alisoma mara mbili. Alitafuta hasira, akakuta kicheko kimekaa mahali pake, kikamtoka kwa nguvu hadi dereva akasogea mbali.

"Wewe unacheka, mimi gurudumu langu liko shimoni," alisema dereva. "Na hiyo saa yako haitembei!"

Marashi alikula kwanza, akamgawia dereva nusu. Kisha akavua shati lake lililonyooshwa, akashuka na sepeto ya lori. Vipande vikubwa chini, vidogo juu, mchanga kwenye nafasi za katikati, shindilia, mwaga tena, shindilia. Hakuna aliyemfundisha kwa maneno. Mwashi mstaafu alikuwa amemfundisha kwa kumshika mkono. Gurudumu likapanda. Palikuwa na shimo jingine mbele, na la tatu mbele ya hilo, na masanduku bado yalikuwa mengi.

Jua lilipoanza kushuka lori lilikuwa tupu na barabara ilikuwa imelala sawa. Watu wa mtaa ule walitoka milangoni kutazama. Mama mmoja muuza mkaa, ambaye kwa miaka alisukuma toroli lake akizunguka mashimo yale, alimwendea na kikombe cha maji.

"Ahsante, Mhandisi," alisema. "Nani amekutuma?"

Marashi alikuwa na majibu sita ya swali hilo, yote mazuri. Mwenye mradi alikuwemo, na wizara ilikuwemo, na wageni wazito walikuwemo. Akafungua mdomo, akautazama mkono wake wenye sugu ulioshika kikombe.

"Bibi mmoja," alisema.

Kisha akamwomba dereva amrudishe njia waliyotokea. Alikuwa ameahidi kurudi kabla ya magharibi, na kwa mwendo wa lori lile wangewahi.